Kazi ya Chuma: Mambo ya Kujua Kabla Kamati Haijalipa

(Mada iliyotolewa na Mratibu wa Miradi wa Dayosisi kwa wajumbe wa kamati za maendeleo za sharika na wafadhili wa miradi, Tabora)



Nimeombwa nizungumze juu ya kazi ya chuma. Huenda mzee mmoja au mama mmoja hapa anajiuliza, kazi ya chuma inaihusu nini kamati ya usharika? Naomba tuitazame miradi yetu. Madawati ya shule, vitanda vya zahanati, kenchi za paa la kanisa, milango na madirisha, minara ya matangi ya maji, mikokoteni, mashine za kukamua asali na alizeti: vyote hivi vimepita mikononi mwa fundi wa chuma. Sehemu kubwa ya fedha ya miradi huishia karakanani. Hata hivyo, mara nyingi kamati husaini hati ya kupokea kitu ambacho haikuwa na namna ya kukikagua. Inaona rangi inang'aa, inashukuru, inalipa.

Neno langu kuu leo ni moja. Fundi wa hapa hapa Tabora anaweza kutufanyia kazi nzuri na imara, mradi sisi tunaoagiza tuzijue hatua za kazi yake na kuikagua kila hatua kwa wakati wake.

MNARA ULIOINAMA

Katika usharika mmoja, ambao sitautaja jina, zahanati ilijengewa mnara wa chuma wa kubeba tangi la plastiki la lita 5,000. Mnara ulikuwa mrefu, umepakwa rangi ya bluu, na picha yake ilitumwa kwa wafadhili. Siku tangi lilipojazwa kwa mara ya kwanza, mguu mmoja ulipinda na mnara mzima ukainama kuelekea upande wa wodi. Kwa neema ya Mungu hapakuwa na mtu chini yake. Tangi likatolewa maji haraka, na akina mama waliokuja kujifungua wakarudi kubebewa maji kwa ndoo na ndugu zao, kama zamani.

Nilipofika kuukagua mnara ule, niliona mambo matatu. La kwanza, miguu ilikuwa ya bomba jembamba la mraba, lenye ukuta mwembamba kuliko ulioandikwa kwenye makisio. La pili, vyuma vya mshazari, vile vinavyokatiza kutoka kona moja hadi kona nyingine, havikuwepo katika pande mbili. La tatu, maungio mengi yalikuwa yameshikizwa kwa nukta tu, kisha yakafunikwa kwa rangi.

Ndugu zangu, lita moja ya maji ina uzito wa kilo moja. Lita 5,000 ni tani 5, na hapo hatujahesabu tangi lenyewe wala nguvu za upepo. Hata mzigo ukigawanyika sawasawa, kila mguu katika minne unabeba zaidi ya tani moja na robo. Hesabu hiyo haihitaji shahada. Mtoto wa darasa la tano anaweza kuifanya, lakini hakuna aliyeifanya kabla ya kulipa.

Baada ya tukio lile, rafiki yetu mmoja mfadhili aliuliza kwa nia njema: kwa nini msinunue vitu vyote Dar es Salaam vikiwa tayari? Swali lake ni la haki na linastahili jibu. Jibu langu linaanzia mbali kidogo, katika historia ya mji huu.

TABORA NA CHUMA

Burton na Speke walipofika Kazeh, yaani hapa Tabora, mwezi Novemba 1857, mji huu ulikuwa tayari njia panda ya misafara. Njia moja ilitoka Bagamoyo pwani, nyingine ilikwenda Ujiji ziwani, nyingine ilipanda kaskazini kuelekea Karagwe na Buganda. Wengi wetu tunapoitaja njia ile tunakumbuka pembe za ndovu, na tunakumbuka kwa uchungu watumwa. Tunasahau kwamba bidhaa mojawapo kubwa ya wenyeji wenyewe ilikuwa jembe la chuma.

Chuma hicho kilitoka kaskazini mwa Unyamwezi, Usumbwa na Uzinza, walikokuwa wahunzi mashuhuri, wakiwemo Warongo. Majembe yalibebwa mabegani, yakauzwa Unyamwezi, na mengine yakafika hadi Ugogo, ambako wapagazi wa Kinyamwezi waliyabadilisha kwa mifugo na chakula. Jembe lilitolewa mahari, na lilitumika kama fedha. Mtu mwenye majembe alikuwa na akiba.

Namna ya kukipata chuma ilikuwa hivi. Mawe yenye madini yaliwekwa ndani ya tanuru la udongo pamoja na makaa ya miti migumu ya miombo yetu, na mivukuto ikapuliza hewa. Makaa yakiungua huiondoa oksijeni iliyoshikana na chuma ndani ya jiwe. Chuma chenyewe hakikuyeyuka kikawa maji. Kilibaki bonge lenye matundu, huku uchafu unaoitwa mavi ya chuma ukiyeyuka na kutiririka. Mhunzi akalipasha moto bonge lile na kulifua kwa nyundo, mara nyingi, hadi mavi yaliyobaki yakatoka. Ndipo akatengeneza jembe. Asiyetoa uchafu wote alipata jembe linalovunjika shambani.

Ujuzi huu haukuwa wa Unyamwezi peke yake. Kule Ufipa walijenga matanuru marefu kupita kimo cha mtu, yaliyovuta hewa yenyewe bila mivukuto. Kule Buhaya, mwanaakiolojia Peter Schmidt na mtaalamu wa metali Donald Avery waliandika mwaka 1978 kwamba wafua chuma wa kale wa eneo hilo walitengeneza chuma cha pua kwa kutumia hewa iliyopashwa moto kabla ya kuingia tanuruni.

Je, ujuzi huo ulikwenda wapi? Reli ya Kati ilifika Tabora mwaka 1912 na Kigoma mwaka 1914. Ilileta mambo mengi mema, na pamoja nayo ilileta majembe ya bei nafuu kutoka viwanda vya Ulaya. Kuyeyusha chuma kukakoma polepole. Wahunzi waliobaki wakageukia chuma chakavu, na hata leo utamkuta mhunzi akifua kisu au panga kutokana na springi ya gari. Baada ya uhuru Serikali ilianzisha viwanda vya zana za kilimo, kama UFI pale Ubungo, kilichojengwa kwa msaada wa China, na ZZK Mbeya, lakini havikuhimili ushindani wa miaka ya 1990.

Katika Kitabu cha Kwanza cha Samweli, sura ya 13, tunasoma kwamba Wafilisti walihakikisha Israeli haina wafua chuma, hata Waisraeli wakalazimika kuwaendea Wafilisti ili kunoa majembe na mashoka yao. Mwandishi wa habari ile anatuonyesha taifa lililopoteza karakana zake na jinsi linavyobaki kuwategemea wengine hata kwa kunoa jembe. Kila tunapoagiza dawati kutoka mbali kwa sababu tumemwogopa fundi wa jirani, tunajiweka katika hali hiyo kwa hiari yetu. Tena tunalipa usafiri wa zaidi ya kilometa 800 kutoka Dar es Salaam, na kitu kikivunjika hakuna wa kumwita.

Lakini kumpenda fundi wa jirani si kumfumbia macho. Kwa hiyo sasa tuingie karakanani.

HATUA ZA KAZI

Kazi ya kuunda vitu vya chuma, iwe chini ya mwembe hapa mjini au katika kiwanda kikubwa cha magari Ujerumani, ina hatua zilezile: kuchora na kupima, kuchagua chuma, kukata, kukunja, kuunga, na kumalizia. Kiwanda kikubwa kinakata kwa mwanga wa leza unaoongozwa na kompyuta, kinakunja kwa mashine zenye nguvu ya tani nyingi, na kuunga kwa mikono ya roboti. Fundi wetu anatumia grainda, msumeno, nyundo na mashine ya kuchomelea. Hatua ni zilezile, na mahali pa kuharibika ni palepale.

Kwanza, mchoro na vipimo. Kazi isianze bila mchoro wenye vipimo, unene wa chuma na idadi ya vipande. Vyuma vingi huuzwa kwa urefu wa mita 6. Mtu akipanga kupata miguu 8 ya sentimita 75 kutoka kipande kimoja, kwa hesabu ya karatasi inatosha. Lakini diski ya grainda hula milimita 2 hadi 3 kila inapokata, na mguu wa mwisho utapungua kwa karibu sentimita 2. Ndiyo maana dawati linacheza. Mchoro mzuri unazuia pia mabaki mengi, na mabaki ni fedha yenu. Kwa mnara wa tangi au kenchi za kanisa, mchoro lazima utoke kwa mhandisi. Hapo tusibanie gharama.

Pili, chuma chenyewe. Hapa ndipo tunapoibiwa kwa urahisi zaidi, kwa sababu bomba linauzwa kwa kipande, na kwa nje bomba nene na bomba jembamba hufanana. Dawa yake ni mizani, ileile tunayopimia karanga. Bomba la mraba la milimita 40 kwa 40, lenye urefu wa mita 6, likiwa na ukuta wa milimita 2 lina uzito wa kilo 14 hivi. Likiwa na ukuta wa milimita 1.2 halifiki kilo 9. Aliyelipia la kwanza akapewa la pili amepoteza zaidi ya theluthi moja ya chuma chake. Vivyo hivyo kwa bamba la futi 8 kwa 4: la milimita 1 lina kilo 23 hivi, la milimita moja na nusu lina kilo 35. Andikeni namba hizi kwenye daftari la kamati.

Tatu, umbo. Fremu ya pembe nne, hata ikiwa na chuma kinene, ukiisukuma kwa ubavu hulala. Ukiweka chuma cha mshazari kutoka kona hadi kona unapata pembetatu mbili, na pembetatu haiwezi kulala bila chuma kuvunjika, kupinda au kung'oka. Mguu mrefu na mwembamba unaobeba mzigo hupinda ubavuni kabla haujapondeka. Vyuma vya mshazari vinaushika usipinde. Mkiona mnara, dawati au kenchi isiyo na mishazari, ulizeni sababu.

Nne, kuunga. Katika kuchomelea, umeme unaruka kati ya fimbo na chuma na kutoa joto la maelfu ya digrii. Chuma huyeyuka kwenye nyuzi joto zinazokaribia 1,500. Kingo za vipande viwili zikiyeyuka pamoja na fimbo, vikapoa, vinakuwa kitu kimoja. Zisipoyeyuka, fimbo inaganda juu kama nta juu ya meza, nayo itabanduka. Hutokea hivyo umeme ukiwa hafifu, fundi akiwa na haraka, au chuma kikiwa na kutu, mafuta au rangi. Fimbo zilizolowa unyevu huleta vitundu ndani ya ungio, kwa hiyo wakati wa masika zitunzwe pakavu.

Mafundi wazuri hushikiza kona zote kwa nukta kwanza, wakapima kutoka kona hadi kona pande zote mbili, na vipimo vikilingana ndipo wanachomelea kikamilifu, wakibadilisha upande huu na ule. Sababu yake ni kwamba chuma kikipata moto hutanuka, kikipoa hujivuta, na kikijivuta upande mmoja tu fremu nzima inapotoka. Kosa la mnara ule lilikuwa kuishia kwenye nukta.

Juu ya ungio jipya hubaki gamba. Nalo ni mavi ya chuma, ndugu wa yale aliyoyatoa mhunzi wa Usumbwa kwa nyundo. Lazima ligongwe na kusuguliwa kwa brashi ya waya, ili tuone chuma chini yake. Ungio zuri lina mawimbi madogo yanayofanana, halina vitundu wala nyufa, na kingo zake hazikuliwa. Mkitaka uhakika, mwombeni fundi aunge vipande viwili vya mabaki kwa fimbo ileile na umeme uleule, kisha avivunje kwa nyundo mbele yenu. Mtaona wenyewe kama vimeshikana hadi ndani.

Tano, kumalizia. Kutu isuguliwe, mafuta yafutwe, rangi ya kuzuia kutu itangulie, ndipo rangi ya juu ipakwe. Ncha za mabomba zizibwe maji yasiingie, maana bomba linaoza kutoka ndani bila kuonekana. Miguu ya mnara isimame juu ya zege lililoinuka, wala isizikwe kwenye udongo.

USALAMA WA FUNDI NA WATOTO

Mwanga wa kuchomelea huunguza macho. Mtu anaweza asihisi chochote mchana, na usiku akalia kama ametiwa mchanga machoni. Miwani ya jua haitoshi. Fundi na msaidizi wake wanahitaji ngao yenye kioo cheusi cha kazi hiyo. Karakana nyingi ziko kando ya njia ya shule, na watoto husimama kutazama. Kamati inayoagiza madawati ya watoto ina wajibu wa kuuliza kama fundi ameweka hata pazia la turubai. Vilevile, chuma kilichopakwa zinki kama mabomba ya maji hutoa moshi mbaya kinapochomelewa, unaomletea fundi homa. Kazi hiyo ifanyike mahali penye hewa ya kutosha, na zinki isuguliwe kwanza. Glavu na viatu vya ngozi si anasa, vinaweza kuwekwa kwenye makisio ya mradi. Nawaomba wafadhili msivikate.

TUNACHOWEZA KUJIFUNZA KWA KIWANDA

Kiwanda kikubwa kinamshinda fundi wa mtaani kwa jambo moja hasa: dawati la kwanza na dawati la mia mbili yanafanana. Siri yake ni fremu ya kielelezo, ambayo mafundi huiita jigi. Vipande vinalazwa ndani yake, vinabanwa, na haviwezi kuungwa vibaya. Jigi moja hutengenezwa kwa siku chache. Sharika nne zikiagiza madawati pamoja, zikampa kila fundi jigi ya kipimo kimoja, karakana tatu ndogo za Tabora zinaweza kufanya kazi ya kiwanda, na chuma kikanunuliwa kwa jumla. Leo kila usharika unaagiza peke yake, kwa kipimo chake na bei yake.

Ujuzi hatuna haja ya kuutafuta mbali. SIDO, iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 1973, ina kazi ya kuhudumia viwanda vidogo, na VETA ina chuo hapa Tabora kinachofundisha vijana ufundi. Kijana aliyehitimu kuchomelea akikosa kazi miaka miwili, mkono wake unasahau. Dawati letu ndilo litakalomfanya awe fundi.

MAPENDEKEZO

Kwa hiyo naomba tukubaliane mambo manne.

1. Kila kamati ichague watu wawili, mmoja wao awe mwanamke, watakaofundishwa siku mbili namna ya kukagua kazi ya chuma. Si lazima wajue kuchomelea. Wajue kupima, kupima uzito, na kutazama ungio.

2. Ukaguzi ufanyike mara tatu: kabla chuma hakijakatwa, kabla rangi haijapakwa, na baada ya kitu kusimikwa. Rangi isipakwe kabla ya sahihi ya wakaguzi.

3. Malipo yafuate ukaguzi. Sehemu ya kwanza ni ya chuma, ya pili baada ya maungio kukaguliwa, ya mwisho baada ya majaribio. Fundi naye alipwe siku hiyohiyo, asizungushwe, maana fundi aliyecheleweshewa malipo ndiye anayeshawishika kununua bomba jembamba.

4. Mnara wa tangi ujaribiwe kwa kujaza robo, kisha nusu, kisha lote, huku watu wakiwa mbali na miguu ikitazamwa na kupimwa kwa timazi kila hatua.

Kwa wafadhili wetu nasema hivi. Mkituletea kitu kilichokwisha kutengenezwa, tunapata kitu hicho, na tunashukuru. Mkigharamia kitu hichohicho kitengenezwe hapa, pamoja na mchoro wa mhandisi, glavu za fundi na siku mbili za mafunzo ya kamati, tunapata kitu, tunapata fundi, na tunapata watu wanaojua kukataa kazi mbovu. Gharama zikilingana, ni heri la pili.

Na kwa kamati zetu: mtakaporudi nyumbani, msisubiri mradi mpya. Chukueni futi, brashi ya waya na nyundo ndogo, mkakague minara na kenchi zilizokwisha kusimama. Mkikuta mguu uliopinda, ungio lenye ufa au mshazari uliokosekana, tangi lipunguzwe maji na mtupigie simu ofisini siku hiyohiyo.